Mabati, maji ya chumvi na saini ya dereva

Ukiendesha lori la flatibedi Unguja, ipo siku utadaiwa. Utadaiwa mabati yaliyolowa, marumaru zilizovunjika, mifuko ya saruji iliyopasuka, na hata nondo zilizoshika kutu kidogo utaambiwa zimeharibikia mikononi mwako. Sisemi kwamba madereva hatuharibu mali za watu. Wapo wanaofunga mzigo ovyo, na wapo wanaoona uvivu kutandaza turubai wakati mawingu yanawatazama. Hao walipe. Lakini mzigo unaoshushwa Paje au Nungwi umepita mikono mingi kabla ya kunifikia mimi: kiwanda, ghala la Dar es Salaam, gari la huko, makuli wa huko, tishari (chombo bapa cha kuvushia mizigo) au meli, makuli wa Malindi, bandari yetu ya Unguja, foklifti, ndiyo sasa mimi. Mimi nakaa nao saa mbili tatu. Waliokaa nao siku na wiki hawapo pale unapofunguliwa. Mimi nipo, gari langu lipo, na nauli yangu bado iko mfukoni mwa mwenye mzigo. Basi anakamatwa aliyepo.

Nimeshaona vijana wazuri wameacha kazi hii kwa sababu ya dai moja tu. Tajiri mwenye gari anamwambia kijana, "Hasara hii ni yako," anamkata mshahara miezi na miezi, na kijana hana hoja ya kujibu kwa sababu hajui hoja inatoka wapi. Nawaandikia hao. Na mwenye mzigo naye akisoma itamfaa, maana mara nyingi anapomkaba dereva, aliyemharibia mali yake anapata muda wa kupotea.

Flatibedi haina ukuta wala paa. Ni sakafu tupu juu ya magurudumu, na kila kinachoupata mzigo kinaupata moja kwa moja: mvua ya Tunguu, vumbi la kifusi, matawi ya miembe ya Bi Khole, na matuta ya Jozani yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe na magari. Kwa hiyo mtu akiona mzigo una kasoro, kichwani mwake jibu limeshapatikana. Kontena likifika na vitu vimevunjika ndani, watu wanaanza kuuliza nani alipanga. Flatibedi ikifika na kitu kimevunjika, hawaulizi.

Kisa cha mabati nitakieleza kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha jinsi hasara inavyoweza kusema ilikotoka.

Ilikuwa mwishoni mwa masika, upepo wa kusi umeshaanza na bahari imechafuka. Nilipangiwa kuchukua mabati ya kuezekea bandarini Malindi, kuyapeleka kwenye ujenzi wa hoteli Paje. Mabati yenyewe yalikuwa ya zinki tupu, hayajapakwa rangi, yamefungwa mabunda kwa utepe wa chuma na kuvishwa nailoni. Yalivuka kutoka Dar es Salaam juu ya tishari. Foklifti ilipoinua bunda la kwanza, maji yalichuruzika kwenye pembe. Bandarini kulikuwa kukavu siku ile, tangu asubuhi haijanya. Nikachuchumaa kuangalia. Nailoni ya mabunda mawili ilikuwa imechanika upande wa chini, pale zinapoingia uma za foklifti. Nikamulika kwa tochi ya simu ndani ya mpasuko, nikaona kingo za mabati zimeota unga mweupe, mkavu, kama wa muhogo. Nilipitisha kidole, ukabaki kidoleni.

Karani alikuwa na karatasi tayari. Imeandikwa kwa mashine kwamba mzigo umepokelewa ukiwa katika hali nzuri, na chini pana mstari wa saini.

"Saini bwana, nyuma yako kuna magari."

"Nitasaini. Ila nitaandika na nilichokiona."

"Karatasi hii haina pahala pa kuandika hayo."

"Nitaandika pembeni."

Akanuna, lakini hakunizuia. Niliandika hivi: mabunda 2, nailoni imechanika chini, maji yanatoka, unga mweupe kwenye kingo, ndani sikufungua. Nikatia saa. Nikafanya vile vile kwenye nakala yake na yangu, akasaini zote mbili. Kisha nikapiga picha bunda likiwa bado linaning'inia kwenye uma, namba ya gari la foklifti ionekane na gati nyuma yake lionekane, ili mtu asije akasema picha imepigwa njiani.

Yale maneno "ndani sikufungua" nayatilia mkazo. Dereva asiandike asichokijua. Ukiandika "mabati yote yameharibika" na baadaye ikaonekana ni bunda moja tu, karatasi yako yote inapoteza heshima. Andika macho yako yalipofika, useme na pale yasipofika.

Nilifunika turubai, nikafunga, tukaondoka na utingo wangu. Tulipofika Tunguu mvua ikatukuta, mvua ya masika ya kweli, ile inayofunga kioo cha mbele. Turubai lilikuwa zima na nilikuwa nimelishusha mpaka chini ya ubavu. Paje tukafika jua limeshatoka. Msimamizi wa stoo akafungua bunda la kwanza, akatoa bati la tatu au la nne, lina madoa meupe yametapakaa kama ramani. Akatazama turubai langu lililokuwa likichuruzika maji. Hakuuliza kitu. Akapiga simu kwa bosi wake, akasema mabati yamenyeshewa garini.

Yule bosi alikuwa mtu mzima, mwenye adabu zake, lakini hasira zilikuwa zimemshinda. "Kijana, mabati yangu umeyaua." Akataka bei ya mzigo mzima, na nauli akasema hailipi. Nikamwonesha ile karatasi. "Hayo umeandika mwenyewe," akanijibu, "nitajuaje kama hukuandika hapa getini kwangu?" Nikamwambia, "Mzee wangu, saini ya karani wa bandari hii hapa, na picha zina saa. Usiniamini mimi. Mwite mtu wa bima."

Mzigo ulikuwa na bima ya baharini, kwa bahati nzuri, na mkaguzi alikuja siku ya pili kutoka mjini. Mzee mmoja mtulivu, mfuko wake mdogo wa ngozi, na vidole viwili vya mkono wa kulia vina madoa meusi. Nikajua baadaye ni madoa ya dawa yenyewe. Alitoa kichupa cheusi chenye dawa iitwayo naitreti ya fedha. Dawa hii ikikutana na chumvi hapo hapo hugeuka nyeupe, maji yanakuwa mfano wa maziwa. Ikikutana na maji ya mvua yaliyo safi, inabaki kama ilivyo. Wakaguzi wa mizigo ya meli wanaitumia dunia nzima kutafuta kama bidhaa imelowa kwa bahari au kwa mvua.

Jinsi alivyoitumia ndiyo iliyonipendeza. Hakukimbilia penye doa. Alianza na bati la juu kabisa ambalo halikuwa na kasoro, akadondosha tone. Liligeuka jeupe kidogo tu. Akaniambia, "Hii ni hewa ya Paje, mwanangu. Hapa upepo wote una chumvi, lazima nijue chumvi ya kawaida ni kiasi gani." Kisha akaja kwenye turubai langu, pale maji ya mvua yalipobaki kwenye mkunjo, akachota kidogo, akatia tone. Hakuna kitu. Kisha akaingia ndani ya bunda, kwenye madoa meupe na kwenye unyevunyevu uliobaki kati ya bati na bati. Tone likageuka jeupe zito papo hapo, likatulia chini. Akarudia sehemu nyingine ya bunda lile lile, kisha bunda la pili, jibu likawa moja. Mabunda ambayo nailoni yake ilikuwa nzima hayakuwa na neno.

Alipomaliza akanieleza na habari ya ule unga. Zinki ikilowa ikiwa wazi, ikakauka na kupata hewa, haipati madhara makubwa, inajijengea ngozi yake. Lakini mabati yaliyobanana, maji yakiingia kati yake na hewa haipiti, zinki huanza kuliwa na kutoa ule unga mweupe. Maji ya chumvi huharakisha. Na ule unga niliouona Malindi ulikuwa umeshakauka kwenye kingo, maana yake maji yalikuwa yameingia kabla, siyo yale ya mvua ya jana yake kule Tunguu. Kwa hiyo karatasi yangu na kichupa chake vilisema kitu kimoja, kila kimoja kwa lugha yake.

Nauli nililipwa. Dai likaenda kwa mwenye tishari, na huko likawa na safari yake ndefu ambayo mimi sikuifuata hadi mwisho.

Ila hapo pana jambo ambalo wenye mizigo wengi hawalijui. Hati nyingi za meli zinafuata kanuni za Hague za mwaka 1924, kanuni za kimataifa za mizigo ya baharini, na kanuni hizo zinasema hasara isiyoonekana kwa nje itolewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu mzigo kupokelewa. Inayoonekana, taarifa itolewe pale pale. Ukichelewa haki yako haifi, lakini unahesabiwa kuwa umepokea mzigo salama mpaka uthibitishe vinginevyo, na kesi yenyewe ina mwaka 1 wa kufunguliwa. Sasa fikiria mwenye mabati anatumia siku zake 3 kugombana na dereva. Siku ya 4 ndiyo anakumbuka meli. Ndiyo maana nasema kumkaba dereva bila kuuliza ni kumpa nafasi aliyeharibu. Na mzigo ukija kwa jahazi bila hati yoyote, kwa makubaliano ya mdomo na nahodha, basi ugumu unazidi, kwa sababu hata pa kuanzia kudai hapajaandikwa.

Barazani kwetu suala hili limejadiliwa sana, na wapo mashekhe wanaolijua vizuri kuliko mawakili. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mtu kama mimi anayechukua mizigo ya kila anayekuja anaitwa ajiri mushtaraki, mwajiriwa wa wengi. Wanazuoni wamekhitalifiana kama mtu huyu analipa kila kinachoharibika mkononi mwake au analipa pale tu alipofanya uzembe au kuvuka mipaka. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Unguja na Pemba tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana: kikiharibika bila uzembe wake, halipi. Na inajulikana kwa kila aliyekaa darasani kwamba ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya anayekana.

Sheria za wazungu za usafirishaji zinashika njia nyingine. Marekani wana sheria yao ya tangu 1906, maarufu kwa jina la Carmack, nayo ni kali kwa msafirishaji. Mwenye mzigo akionesha mambo matatu tu, kwamba aliukabidhi ukiwa mzima, kwamba umefika na kasoro, na hasara yake ni kiasi gani, basi mzigo wa kujitetea unamhamia msafirishaji. Yeye sasa athibitishe kwamba hakuzembea, na kwamba sababu ilikuwa mojawapo ya zile zinazokubalika: kudra ya Mungu, adui wa nchi, kitendo cha mwenye mzigo mwenyewe, amri ya serikali, au tabia ya bidhaa yenyewe. Madereva wa flatibedi wa huko wanalia kama sisi. Lakini angalau huko dai lina utaratibu: mwenye mzigo hapewi chini ya miezi 9 kuleta dai lake kwa maandishi, na kampuni ina siku 30 za kukiri kwamba limepokewa na siku 120 za kulipa, kukataa au kutoa pendekezo.

Sheria ya mikataba kwetu, Bara na Visiwani, imechota sana kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na hiyo inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya aina ile. Mimi naiona iko karibu na ile ya barazani. Inaniuliza nilifanya nini, haiangalii tu mwisho umekuwaje.

Sasa maoni yangu, na najua baadhi ya madereva hawatayapenda. Ukisaini karatasi safi, isiyo na neno pembeni, kisha mzigo ukaonekana umevunjika, ni haki uulizwe wewe kwanza. Umesema kwa saini yako kwamba ulipewa kitu kizima. Mwenye mzigo atajuaje zaidi ya hapo? Lakini ukiandika kasoro na aliyekupa akasaini, basi anayekudai hana budi kuonesha uzembe wako, na neno "ulipakia wewe" peke yake halitoshi. Ubishi wote wa getini Paje unamalizikia Malindi, pale penye foleni ya magari na karani aliyenuna. Na ndiyo maana nakasirika ninapoona fomu isiyo na nafasi ya kuandika hali ya mzigo. Fomu ya namna hiyo imeshamhukumu dereva kabla hajatia gia. Mistari mitatu tu mitupu juu ya saini ingeokoa ugomvi mwingi katika kisiwa hiki.

Upo na upande wa kufunga mzigo, maana hoja ya pili baada ya mvua huwa "hukufunga vizuri". Hapa maneno hayasaidii, yanasaidia mahesabu. Kanuni za Marekani zinataka mzigo ufungwe kiasi cha kuweza kuhimili breki ya kusukuma mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa ubavuni na kwa nyuma, na jumla ya uwezo wa mikanda na cheni isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Hatulazimiki nazo hapa, lakini ni kipimo ambacho mtu akikitumia hakosi jibu. Kila mkanda wa maana una kitambaa kilichoshonewa kinachoonesha uwezo wake. Kikishachakaa kiasi cha kutosomeka, mkanda huo mbele ya mkaguzi ni kamba tu. Mimi hupiga picha ya ubavu mzima mikanda ikiwa imekazwa, na picha ya karibu ya kile kitambaa. Wamarekani hao wanamtaka dereva asimame kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80. Unguja nzima kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 85 hivi, kwa hiyo tukifuata maneno yao tutakagua tukishafika. Sisi tusimame Tunguu, na tena baada ya matuta ya Jozani, kwa sababu mikanda hulegea pale mzigo unapojikalia.

Vitu vinavyovunjika vina ushahidi wake. Marumaru iliyovunjika leo, ukitazama mpasuko wake ni safi na una rangi moja. Iliyovunjika wiki iliyopita ghalani, mpasuko umeshashika vumbi na ukungu wa boksi. Na boksi lenyewe liangalie: kona iliyobonyea kutoka nje inasimulia kuanguka, na boksi zima lenye vipande ndani linasimulia kupangwa vibaya tangu kiwandani. Vipande visitupwe, na boksi lisitupwe. Saruji nayo, mifuko ya kilo 50, hupasuka zaidi kwa kulabu za makuli na kutupwa kuliko kwa safari. Tundu la kulabu ni dogo, liko pembeni, na saruji humwagika kwa mstari. Nondo zenye kutu nyepesi ya juu ambayo haijala chuma hazijaharibika, na mhandisi yeyote atakwambia kutu hiyo haizuii zege kushika. Msikubali kulipishwa kutu ya namna hiyo.

Nauli ndiyo inayoniuma zaidi kuliko yote. Mwenye mzigo anaona kasoro ya boksi tano, anazuia nauli ya gari zima. Nauli ile ina dizeli ndani yake, ina posho ya utingo, ina marejesho ya mkopo wa gari. Katika sheria ya Uingereza ipo kanuni ya zamani sana, ilianzia kwenye meli na mahakama zao zikaipeleka hadi kwenye magari ya mizigo: nauli inalipwa kamili, na dai la hasara linakwenda mbali yake, peke yake. Sababu yake inaeleweka. Nauli ni ya kazi iliyofanyika na kiasi chake kinajulikana. Dai la hasara bado linabishaniwa, na kiasi chake hakijulikani. Ukichanganya viwili hivyo, anayeshikilia pesa anakuwa mdai na hakimu kwa pamoja. Mimi siku hizi naandika kwenye makubaliano yangu, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba nauli haikatwi kwa ajili ya dai na dai litaletwa kwa maandishi. Wapo wanaokataa. Basi nao nawaomba walipe nusu kabla gari halijaondoka.

Na kiasi cha hasara nacho kina ubishi wake. Yule mzee wa mabati alitaka bei ya mzigo mzima. Mkaguzi alimwambia kwa upole kwamba mabunda mazima hayana dai, na kwamba mabati yenye madoa mepesi yakitenganishwa, yakaanikwa yakakauka na kupigwa brashi, bado yanaezeka, labda si kwa paa la mapokezi ya hoteli ila kwa stoo na nyumba za wafanyakazi. Kinachodaiwa ni kile kilichopungua thamani. Mwenye mali naye ana wajibu wa kuizuia hasara isikue: akiyaacha mabati yamebanana na unyevu ndani mwezi mzima kwa sababu ya hasira, madoa yatakayoongezeka ni yake. Na kilichoharibika kabisa kisitupwe wala kisigawiwe mafundi kabla ya kukaguliwa. Dai lisilo na kitu cha kuonesha ni maneno.

Kuhusu bima, tajiri wengi wa magari wanadanganyika. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, kwa kawaida haiugusi mzigo uliobeba. Hata bima kubwa inalilinda gari, hailindi mabati yaliyo juu yake. Kuna bima ya mizigo safarini ambayo inakatwa peke yake, na bila hiyo dai likikushika linalipwa kwa jasho. Mwenye mzigo kuwa na bima yake ya baharini hakukuachi salama pia: kampuni ikishamlipa, inachukua nafasi yake na inaweza kuja kukudai wewe kwa jina lake. Pale ndipo karatasi uliyoandika Malindi miezi iliyopita inapotakiwa, na kama utingo aliifungia chapati umekwisha. Ziwekeni. Pigeni picha, tumieni nyingine kwa mtu wa nyumbani, na zile za karatasi zikae kwenye faili kwa miaka.

Mwisho ni mpokeaji anayekataa kusaini. Anakwambia, "Shusha, nitasaini kesho." Au anataka kuandika tu "mzigo mbovu" bila kueleza. Usiondoke na usigombane. Mwombe aandike kasoro gani, boksi ngapi, upande gani wa gari zilikuwa. Akikataa, andika mwenyewe mbele yake kwamba amekataa kusaini, tia saa, na mtu mwingine asiyekuwa wa kwako aandike jina lake: mlinzi, fundi, jirani. Vijijini sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule, ni msaada mkubwa katika hili. Si hakimu wa mizigo na hatakuamulia nani alipe, lakini akija akaona mzigo uko namna gani kabla haujaguswa, na akaandika tarehe, ushahidi wake haudharauliki kwa upande wowote. Nimewahi kumfuata sheha wa watu na boda boda ya kukodi, nikamlipia kuja na kurudi, na mwenye mzigo akaona tabia ya kumwita mtu wa tatu akapoa. Tukakubaliana palepale boksi ngapi ni za kweli, tukaandika, tukasaini wote watatu, na nauli ikatoka jioni ile.